Hujahesabu, Kocha

Simu yangu iliita mzee, mteja wangu pale jimu, akiwa katikati ya seti ya pili ya kuchuchumaa na chuma.

Nikachungulia, nikaona ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba hakupigii saa 12 na robo asubuhi kukujulia hali. Nikasogea hatua tatu pembeni, nikageukia ukutani, nikanong'ona kwamba niko kazini, nitampigia, nikakata. Sekunde 10, labda 15. Kumwacha mtu na chuma mabegani ni kosa, na ningemwona kijana mwingine akilifanya ningemvuta pembeni nimseme. Nakiri mapema, nisije nikaonekana mwema huko mbele.

Nilipogeuka, mzee alikuwa amesimama palepale. Chuma mabegani, magoti yamenyooka, macho kwenye kioo. Hakuwa amechuchumaa, wala hakuwa amerudisha chuma kwenye vishikio vyake. Jasho lilikuwa limefika kidevuni na halikuwa na wa kulifuta, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini.

"Goti?" nikamuuliza.

"Goti zima."

"Sasa mbona umesimama, mzee wangu?"

"Hujahesabu, Kocha."

Nikahesabu. Sita. Saba. Nane. Tisa. Kumi. Akashuka na kupanda vizuri kabisa, visigino chini, kifua juu, kama nilivyomfundisha. Akarudisha chuma, akachukua taulo, akaanza kunisimulia vituko vya mjukuu wake. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha.

Kwangu halikwisha. Wiki tatu nzima nilikuwa naoga nalo na kulala nalo.

Mtu huyu nimefanya naye kazi miaka 4, alfajiri tatu kila wiki. Ukitoa safari zake na homa zangu, tumekutana zaidi ya mara 500. Huko kazini kwake anasimamia watu wazima na pesa nyingi kuliko nitakazoshika mimi maishani. Na bado chuma kilimkalia mabegani kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba sasa ni sita.

Nimemfundisha nini, basi?

## Kumi ya daktari wa jeshi

Wateja huniuliza mambo mengi, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini kila seti ni mara kumi. Wanaipokea kumi kama tunavyopokea siku saba za wiki.

Kumi hii ina mwenyewe. Thomas DeLorme alikuwa daktari wa jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akihudumia askari waliokuwa wakipona majeraha ya miguu, nao walikuwa wakipona polepole mno. Mazoezi waliyopewa yalikuwa mepesi, ya kurudiarudia, ili wasichoke. DeLorme mwenyewe alikuwa mnyanyua vyuma, akaona huko ni kuwadekeza. Akawabebesha uzito wa kweli, na kila nguvu ilipoongezeka akaongeza uzito. Mwaka 1945 akachapisha aliyoyaona. Mwanzoni seti zilikuwa nyingi, 7 hadi 10 za mara kumi kumi. Mwaka 1948, yeye na mwenzake Arthur Watkins, wakazipunguza zikabaki 3: ya kwanza kwa nusu ya uzito ambao mtu anauweza mara kumi, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote.

Seti tatu za kumi. Ingia jimu yoyote leo utazikuta, na wanaozifanya wengi hawajui kwamba zilianzia kwenye vitanda vya majeruhi.

Kinachonikera katika habari ile, na zamani hakikunikera, ni kwamba wale askari walikuwa na siku ya kuondoka. Kila kilo iliyoongezwa ilikuwa inawasogeza mlangoni. Mimi mzee wangu nimemwongezea kilo miaka 4, na mlango uko umbali uleule.

## Saa zinazouzika

Mtu akisikia nalipwa kwa saa hudhani nina saa nyingi za kuuza.

Siku yangu ina saa 6 tu zenye bei: kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi, kisha saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Katikati hapo wenye pesa za kunilipa wako makazini wanazitafuta, na mimi nafuta mabenchi au nimejilaza kwenye mkeka nyuma ya mashine za kukimbilia. Siku 5 za kazi, weka na Jumamosi asubuhi, ni saa 33. Wiki nzuri nauza 22. Nane za kwanza ni za mwenye jimu, maana nalipia nafasi yangu pale kila mwezi, wateja waje wasije. Zinazobaki 14 ndizo zinazokuja nyumbani.

Nikiugua hakuna kinachokuja. Mwaka juzi mgongo ulinikamata siku 12. Mgongo wa kocha wa mazoezi. Cheka tu, hata mimi nilicheka, kwa kadiri mtu anavyoweza kucheka akiwa amelala kifudifudi. Kodi ya nafasi yangu jimu haikucheka.

Sasa mweke mzee kwenye hesabu hiyo. Saa 3 kati ya zile 14. Zaidi ya moja ya tano ya kinachoingia kwangu. Halafu analipa mwezi ukianza, zote kwa mkupuo, na hajawahi kuomba punguzo.

Kozi niliyosoma ilinifundisha kila msuli unashikia wapi na unavuta nini. Haikuwa na somo hata moja la namna ya kumtajia mtu bei bila kutazama sakafu. Na kazi yenyewe katika nchi nyingi haidai leseni ya serikali. Kijana mwenye mikono minene na simu yenye kamera nzuri anaweza kuamka kesho akajiita kocha, na kufikia mwisho wa mwezi akawa na wateja kunipita. Silalamiki. Nilianza hivyohivyo, ila simu yangu ilikuwa mbovu.

Kwa hiyo mtu asiyeweza kuchuchumaa bila mimi ndiye mteja bora kuliko wote. Hesabu zangu zote zilikuwa zinaniambia nimwache alivyo.

Nilijitetea kwamba sikumfunga makusudi. Halafu nikaanza kukumbuka. Daftari la maendeleo yake lilikuwa linakaa kwenye mfuko wangu, si wake. Sikuwahi kumwandikia programu akaenda nayo nyumbani. Na karibu kila wiki nilikuwa nambadilishia mazoezi, "ili mwili usizoee."

Makocha wote tunaijua sentensi hiyo. Ina ukweli kidogo na biashara nyingi. Mwili hauongezeki nguvu kwa kushangazwa. Unaongezeka kwa kurudia jambo lilelile na kuliongezea uzito kidogokidogo. Mazoezi yakibadilika kila wiki mteja hawezi kujua kama amepanda au ameshuka. Anayejua ni mwenye daftari.

## Kuachisha ziwa

Nikajipa wiki 8 za kumwachisha.

Wiki ya kwanza nilimpa daftari lake na kalamu. Akaniangalia kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Nikapunguza mazoezi yakabaki matano, yaleyale kila siku, ili aone namba zikipanda kwa mwandiko wake mwenyewe.

Wiki ya tatu tukaingia kwenye kupima juhudi. Nilimweleza habari za Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden aliyetengeneza kipimo cha kujisikia: mtu anajipa namba kuanzia 6, yaani amekaa tu, hadi 20, yaani hawezi tena. Mzee akaguna. "Huyu naye kuhesabu alifundishwa na nani? Kwa nini hakuanza na moja?" Nikamwambia namba hizo ukizizidisha mara kumi zinakaribia mapigo ya moyo kwa dakika, kwa kijana mwenye afya. Akatafakari kidogo. "Basi mimi si kijana, nipe kingine."

Nikampa cha maneno. Ukitembea haraka ukawa unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, hapo ndipo. Akapanda mashine ya kukimbilia na kujaribu kuimba, kwa sauti, wimbo wa ujana wake. Watu waligeuka. Alifika mstari wa pili pumzi ikamkata, akanyoosha kidole gumba kwa furaha kubwa.

Kwa vyuma kipimo ni rahisi zaidi na kigumu zaidi, maana kinataka ukweli: kila ukimaliza seti jiulize ungeweza nyingine ngapi, na uwe umebakiza kama mbili.

"Zimebaki ngapi?"

"Mbili."

"Kweli?"

"Tatu." Kimya. "Nne, Kocha, lakini usiniongezee leo."

Nilimwambia pia jambo ambalo nilipaswa kumwambia tangu siku ya kwanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa kiasi cha kati, na juu yake mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Mimi nashika saa 3 za wiki yake. Wiki ina saa 168. Kama anakaa kitini zile 165, mimi ni pambo.

Wiki ya sita niligeuka makusudi. Nikasimama nikiangalia ukutani, mikono nyuma, nikasikiliza. Chuma kikatoka kwenye vishikio. Kimya. Kisha nikasikia sauti ndogo, kama mtu anayesali peke yake: moja. Mbili.

Wiki ya nane alipanga kila kitu mwenyewe, akapasha mwili moto mwenyewe, akaandika mwenyewe. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nimeiva, Kocha."

Siku nne nilitembea kama mtakatifu.

Siku ya tano nikapiga hesabu. Na ubaya wa pengo langu ni mahali lilipo. Wa saa 11 alfajiri yupo, wa saa 1 asubuhi yupo, saa 12 ni tupu. Huwezi kuilala, huwezi kurudi nyumbani, huwezi kuiuza mahali pengine. Unakaa kwenye benchi unaangalia chuma ambacho mtu wako amekwenda kukinyanyua kwenye jimu iliyo karibu na kazini kwake.

## Sekunde moja

Karibu miezi miwili baadaye nilikutana naye kwenye foleni ya benki. Aliniona kabla sijamwona, na akajaribu kutoniona.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Kocha." Akatazama viatu vyake. "Daftari ninalo," akasema, wala sijauliza. "Kila kitu nakijua. Uzito, seti, zile mbili za kubakiza. Mwenzako sijagusa chuma wiki ya 5 sasa."

Nilifurahi.

Ilikuwa sekunde moja tu, lakini ilikuwa furaha, naijua furaha. Mtu aliyenilipa miaka 4 ananiambia afya yake inaporomoka, na ndani yangu kuna mtu amepiga makofi. Halafu ikaja aibu, na aibu haikuondoka hata foleni ilipofika dirishani.

Nikamuuliza kimekwamia wapi. Hapakuwa na kisa. Wiki ya kwanza alikwenda mara tatu. Ya pili, mbili. Ya tatu kulikuwa na kikao cha asubuhi, akasema atakwenda jioni, jioni ikawa jioni. "Sikwenda," akasema, "na hakuna aliyeniuliza."

Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayesoma mita ya maji.

## Daftari langu

Usiku ule nilifungua daftari langu mwenyewe. La mazoezi yangu, si la wateja. Tarehe ya mwisho ilikuwa wiki 9 nyuma.

Wasiofanya kazi hii hudhani kocha anashinda akifanya mazoezi. Kocha anashinda amesimama. Anabeba visahani vya chuma vya watu wengine, anainama kurekebisha magoti ya watu wengine, anapiga kelele hadi sauti inakauka, halafu saa za mchana, jimu ikiwa tupu na yeye ana ufunguo, anajilaza kwenye mkeka. Ninayo yote aliyoyakosa mzee: nafasi, vyuma, muda, cheti. Najua habari za DeLorme na za Borg. Wiki 9.

Hakuna aliyeniuliza na mimi.

Hapo nikamkumbuka dada mmoja wa mwaka 2020. Jimu zilipofungwa kwa ajili ya korona tulihamia kwenye simu, mimi sebuleni kwangu, wao kwao. Yeye siku ya pili tu alizima kamera, na hakuiwasha tena. Nilikuwa nafundisha kiboksi cheusi chenye herufi moja ya jina lake. "Shuka taratibu. Tano. Sita. Usishike pumzi." Nasikia kuhema, wakati mwingine kiti kinaburuzwa, wakati mwingine sisikii chochote na nashuku yuko kitandani amejifunika. Alilipa kila mwezi. Niliona kama namwibia, maana kazi yangu ni macho, na macho alikuwa ameyafumba.

Tulipofunguliwa akaja. Alikuwa ameniacha akipiga pushapu kwa magoti. Akapiga 8 kamili, mwili umenyooka kama ubao, akasimama akijikung'uta viganja. Sikuelewa wakati ule. Niliona ni maajabu yake.

## Faini

Nina kanuni, kama makocha wengi: usipokuja na hukunipa taarifa saa 24 kabla, saa ile inahesabika umeitumia. Bila kanuni hiyo nisingekuwa na kodi ya kulipa wala nyumba ya kulipia. Lakini siku zote nimeionea haya. Na nitasema ukweli nilivyokuwa naitumia: wakubwa na wenye sauti niliwasamehe, vijana na wapole niliwakata.

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa jioni hakutokea. Wala hakutuma ujumbe. Nikamngoja dakika 20, nikamwandikia, kwa adabu zote, kwamba saa yake imehesabika. Akajibu neno moja: "Sawa." Wiki iliyofuata ndipo nikasikia kwa mtu mwingine kwamba jioni ile mama yake mzazi alikuwa amekimbizwa hospitali.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamfuata kumrudishia saa yake. Akakataa.

"Usinirudishie, Kocha. Ukinirudishia, nitaanza kupima sababu. Hii nzito, hii nyepesi, hii Kocha ataielewa. Nilishaishi hivyo miaka mingi."

Nikadhani ni kiburi cha mtu mwenye uchungu. Nilikaa na maneno yale bila kuyaelewa mpaka foleni ile ya benki.

Sasa naona hivi. Maarifa yangu ni ya lazima, maana bila hayo watu wanaumia. Nimeshawapokea waliojifunza kwa kutazama video na kuja na mabega yasiyopanda. Lakini maarifa yanafundishika kwa wiki 8, mzee ameshathibitisha. Wanachonunua mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, ni kwamba saa 12 asubuhi kuna mtu amesimama mahali fulani anawangoja, na wasipokuja atajua. Kile nilichokuwa nakionea haya ndicho kilikuwa bidhaa. Kuhesabu kwa sauti ilikuwa njia yangu ya kusema: nipo, nakuona.

Hata hivyo sijatulia. Kungojwa si ujuzi. Rafiki anaweza kukungoja bure. Nilimwambia mzee hivyo, palepale benki: tafuta mwenzako wa rika lako, muende pamoja. Akasema alishamtafuta. Alikuja mara mbili.

Nikamuuliza pia kocha mwenzangu, mtu aliyeanza kazi hii kabla yangu. Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Wewe uza saa. Mambo ya kumfanya mtu akuache, nani amekutuma?" Huenda ana haki. Ana nyumba yake, mimi bado napigiwa simu alfajiri.

Na yule mama wa jioni bado naamini nilimkosea. Alikuwa na haki ya kukataa fedha zake. Mimi sikuwa na haki ya kutuma ujumbe wa kukata kabla ya kupiga simu kuuliza kama mtu ni mzima. Siku hizi napiga kwanza. Kanuni imebaki, lakini sasa ina sauti ya binadamu mbele yake, na inawakata wakubwa pia.

## Jumatatu

Mzee amerudi, nusu.

Jumatatu tunakuwa wote. Jumatano na Ijumaa anakwenda mwenyewe kule karibu na kazini kwake, na kabla ya saa 3 asubuhi ananitumia picha ya ukurasa wa daftari. Isipofika, nampigia. Ndiyo kazi yenyewe: kupiga simu na kusema, "Mzee, vipi leo?" Jumatatu analipa bei ya kawaida. Hiyo ya kuulizwa sikujua niitoze vipi, maana sijaona popote bei ya kuuliza. Akataja yeye. Nikatazama sakafu, nikakubali.

Pengo halijazibika. Jumatano nimepata mwanafunzi wa chuo anayelipa nusu na kuchelewa robo saa. Ijumaa bado ni tupu.

Nilipomtajia mzee habari za daftari langu na zile wiki 9, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza, "Na wewe nani anakuuliza?" Sikuwa na jibu. Basi Ijumaa saa 12 asubuhi, kwenye lile pengo, nachuchumaa mimi. Kabla ya saa 3 nampelekea picha ya ukurasa wangu. Ijumaa iliyopita nilichelewa kwa dakika 6 akanipigia, na sauti aliyotumia ni ile ninayotumia mimi. Hajanitoza kitu.

Jumatatu hii alikuwa kwenye seti ya tatu, ile nzito. Mimi nimesimama nyuma yake mikono tayari, midomo nimeibana. Anahesabu mwenyewe, kwa sauti ya kawaida sasa, si ile ya kunong'ona.

"Tano. Sita. Saba. Tisa."

Macho yake yakanitafuta kwenye kioo. Nikaangalia chuma.

"Kumi," akasema, akarudisha chuma kwenye vishikio, akafuta kidevu.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akakaa kidogo, taulo shingoni, akihema. Akafungua daftari, akaandika kitu, akakifuta. Kisha akaweka taulo benchini, akarudi chini ya chuma, akakiinua, akashuka hadi chini kabisa na kupanda, taratibu, mara moja.

"Nane."